Mkufunzi wa Mgawo Sawa

Kama ulipata kusoma au kufundisha katika chuo chetu cha ualimu pale Songea miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, huhitaji kuambiwa jina lake, na mimi silitaji. Tulimwita Mkufunzi, basi. Wakufunzi tulikuwa zaidi ya ishirini, mimi nikiwemo, na kila mmoja alikuwa na vyeti vyake. Lakini ukiuliza, "Mkufunzi ameshapita?" hakuna aliyekuuliza yupi. Yeye alikuwa wa michezo, na kwa maoni yake masomo mengine yote yaliwekwa kwenye ratiba ili wanafunzi wapumzishe miguu.

Mimi nilikuwa wa sayansi kimu. Nilipangiwa Songea kutoka Singida, nikafika na sanduku moja na cherehani ya mkono, na cherehani hiyo ndiyo iliyoniponza. Wiki ya pili tu nikasikia hodi. Nafungua mlango, namwona mzee mrefu, mwembamba, traksuti ya bluu iliyopauka magotini, filimbi shingoni.

"Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Nasikia una cherehani."

Hakuuliza habari za safari wala kama nimepata kuni. Alitoa kwenye kapu mpira uliofumuka mshono, akanipakatisha kama mtu anayekukabidhi mtoto wake mgonjwa. Nikamweleza kwamba cherehani ile haishoni ngozi. "Umeshajaribu?" akauliza. Sikuwa nimejaribu. Nikaishia kuushona kwa mkono, kwa sindano ya magunia, yeye amekaa kwenye ngazi ananielekeza kazi asiyoijua. Tangu jioni ile nikawa msaidizi wa michezo, bila barua na bila posho, kwa miaka tisa.

Ugonjwa wake ulikuwa mgawo. Sijui niuiteje vingine. Mtu yule hakuweza kuona kitu kizima kikiwa mbele ya watu wawili bila kukikata. Mapumziko ya mechi, timu nyingine zilipewa machungwa na kila mchezaji akajichukulia. Kwetu, hapana. Siku moja tulikuwa na machungwa matatu na watu kumi na sita, kwa sababu aliwahesabu wa akiba pia. Akachuchumaa na wembe, akakata vipande vyembamba hivi, akavipanga kwenye ubao wa kuchorea, akavitazama jicho moja limefumbwa, akakipunguza kimoja, akakiongeza kingine. Mwamuzi alipuliza kipenga cha kipindi cha pili sisi bado tuko kwenye kipande cha tisa. Tukaingia uwanjani na kiu yetu. Tulifungwa moja bila, na njia nzima ya kurudi alikuwa akisema, "Lakini hakuna aliyedhulumiwa."

Darasani ni hivyo hivyo. Chaki alizivunja vipande vinne vinne ili kila mwanafunzi wa mazoezi ya kufundisha apate haki yake, matokeo yake hakuna aliyeweza kushika kipande kile bila kukwaruza ubao kwa kucha. Mkuu wa chuo alimkanya. Mkufunzi akamjibu kwa heshima zote kwamba akipewa chaki nyingi ataacha.

Msije mkadhani nawachorea malaika. Nyumbani kwake sukari ilifungiwa kwenye tranka la bati, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na filimbi. Ukienda kumtembelea, chai ilikuja, na sukari alikutilia yeye mwenyewe, kijiko kimoja, halafu anakipangusa ukingoni kwa kidole ili kisije kikazidi. Nilimwuliza mgawo sawa uko wapi hapo. "Huu ndio mgawo," akasema. "Mimi nakunywa na kijiko kimoja, na wewe kijiko kimoja." Mkewe akacheka jikoni mpaka akakohoa. Baadaye mama yule alininong'oneza kwamba mzee huamka alfajiri, watu wote wamelala, akajipikia chai yake peke yake yenye vijiko vinne. Sikuwahi kumwumbua. Nilikuwa nasubiri siku atakayoniudhi sana.

Mkewe ndiye aliyekuwa upande wa ruksa nyumba ile. Alifungua kibanda pale Mfaranyaki, anauza sabuni za kuogea zenye harufu, dawa za meno, betri, vitu ambavyo miaka michache nyuma ulivipata kwa kibali au kwa kujuana na meneja wa duka la ushirika. Mzee alizoea kusimama mbele ya kibanda kile akiwahutubia wateja kwamba nchi inauzwa. Wateja wanamsikiliza, wananunua, wanaondoka. "Mzee wangu," mkewe anamwambia, "endelea tu, unaniletea watu."

Sasa nieleze alichokuwa anakipigania, maana bila hicho mtamwona ni mzee wa vituko tu.

Vyuo vya ualimu nchi nzima vilikuwa na mashindano yao ya mpira, vimegawanywa kwa kanda. Zamani kila mwaka kanda zote zilikutana, na mapato ya milangoni yalikusanywa kwenye chama chetu cha michezo, yakagawanywa sawa kwa sawa. Wa Pwani walijaza watu wengi, sisi wa Kusini tulijaza wachache na mbuzi, lakini mgao ulikuwa mmoja. Kwa fedha hizo vyuo vikubwa vilisafirishwa mpaka Songea kuja kucheza nasi. Jamani, siku hizo! Mji mzima ulipanda kwa miguu mpaka uwanjani kwetu, mlimani Matogoro. Wanawake waliuza mihogo ya kukaanga na togwa, soko lilifungwa mapema, na wanafunzi wetu, watoto wa wakulima wa mahindi na kahawa, walisimama katikati ya uwanja wakipeana mikono na vijana wa mjini sawa kwa sawa. Mara moja tuliwafunga Pwani mbili kwa moja. Nilikuwepo. Mkufunzi hakuliona goli la ushindi kwa sababu lilikuwa la penalti, na kwenye penalti hugeuka nyuma akashika masikio. Nililazimika kumpiga bega. "Limeingia?" "Limeingia." Akakaa chini kwenye majani.

Hicho ndicho alichokitaka, na si zaidi: wakubwa waendelee kuja. Kushinda si lazima. "Wasipokuja," aliniambia, "hawa watoto watamaliza chuo wakidhani wao ni wa daraja la chini, halafu waende kuwafundisha watoto wengine hivyo hivyo."

Kisha ruksa ikafika mpaka kwenye mpira. Kampuni ya soda ikaidhamini Kanda ya Pwani. Kanda ya Kaskazini nayo ikapata watu wa hoteli. Mwaka ule ule wakasema kila kanda ibaki na chake. Mwaka wa kwanza Pwani walikuja na viatu vipya. Mwaka wa pili wakaja na basi lao lenye mapazia. Mwaka wa tatu walishuka na magodoro, daktari na maji ya kunywa ya chupa, wakati sisi Songea maji yetu yanashuka mlimani ni baridi na matamu kuliko kitu chochote. Sisi mwaka huo wa tatu tulikuwa na viatu jozi saba. Mabeki walicheza kwa raba, na golikipa kwa soksi mbili mbili. Mwandishi mmoja wa Chama cha michezo akatuita kwenye taarifa yake "kanda maskini". Mkufunzi alimwandikia barua ya kurasa nne. Naikumbuka sentensi moja tu: "Sisi si maskini, sisi hatujagawiwa."

Aliisusia soda yao. Alipiga marufuku isinywewe uwanjani, akamwagiza mkewe asiiuze kibandani. Mkewe akaiuza. Basi siku moja nimekwenda kununua sindano, nazunguka nyuma ya kibanda nikatupe ganda la ndizi, nani huyo? Mkufunzi, amechuchumaa na chupa mdomoni, filimbi ameitupia mgongoni ili isigonge chupa.

"Mkufunzi!"

Hakushtuka hata kidogo. Alimaliza kwanza, akafuta mdomo. "Nawapunguzia akiba yao," akasema.

Kilichomuuma kweli kweli hakikuwa soda wala magodoro. Ni uhamisho. Mshambuliaji wetu, kijana wa Mbinga, mguu wa kushoto wa kutisha, aliwafunga Pwani magoli mawili wakiwa kwao. Kabla muhula haujaisha ikaja barua kwamba anahamia chuo kimoja cha huko kwa sababu za kifamilia: kuna mjomba mgonjwa anahitaji mtu wa kumwangalia. Mkufunzi alimwita ofisini, mimi nipo, nashona nyavu.

"Mwanangu, huyu mjomba umemjua lini?"

Kijana anaangalia sakafu. "Ni mjomba wa upande wa mama, Mkufunzi."

"Sawa. Ni mjomba gani huyo anazaliwa baada ya mpwa wake kufunga magoli mawili?"

Kijana akaanza kulia. Wamemwahidi baiskeli, akasema, na kulipiwa karo ya wadogo zake wawili. Nilimtegemea mzee atamlipukia. Wapi! Alimpa mkono, akamwambia aende, akawasomeshe wadogo zake, na asisahau kupiga kwa kushoto. Mlango ulipofungwa aligeukia ukuta, akakaa hivyo mpaka nikamaliza wavu. Mimi nilitaka kwenda kuikata baiskeli ile kwa panga, nasema kweli.

Halafu Chama kikatangaza jambo jipya. Kuanzia mwaka unaofuata kutakuwa na Daraja la Kwanza na Daraja la Pili. Wa Kwanza watacheza wao kwa wao, na wa Pili wao kwa wao. Ili uingie la Kwanza uwe na mdhamini, uwanja wenye uzio, na jezi za kutosha, seti mbili. Kamati ya ukaguzi itapita kila chuo.

Mkufunzi alisoma tangazo lile akiwa amesimama, akalisoma tena amekaa. "Wametufungia mlango," akasema, "halafu wanatuambia tubishe hodi."

Uzio tulijenga wenyewe kwa mianzi, wanafunzi na wakufunzi, mpaka mkuu wa chuo akachomwa kidole. Mdhamini hatukuwa naye. Mkufunzi alizunguka mji mzima. Mwenye mashine ya kusaga alimpa kilo tano za unga. Mwenye basi moja alimwambia atatudhamini tukishinda. Baba mchungaji mmoja alituombea. Ndipo akamfikia mfanyabiashara mmoja wa Tunduru, mtu wa korosho, ambaye msimu ukiisha alileta marobota ya mitumba kuuza pale sokoni.

Nilikwenda naye. Yule bwana alituketisha juu ya robota lililofunguliwa.

"Wallahi Mkufunzi, huu ni mtihani," akasema. "Nimenunua robota nimeambiwa nguo za watoto. Nafungua, hebu ona mwenyewe maajabu haya."

Akanyanyua jezi. Nyekundu, nzito, namba kubwa kifuani na mgongoni, na mabega! Yale mabega yangemtosha fahali. Na hazikuwa moja wala mbili. Zote zilikuwa vile vile, nyekundu, zimeandikwa kifuani kwa Kiingereza kwamba ni za chuo kikuu cha jimbo fulani la Marekani, jina refu ambalo hakuna kati yetu aliyeliweza. Nilikuja kuelezwa miaka mingi baadaye kwamba kule wana mpira wao wa kugongana, wanavaa mito mabegani. Wakati ule tulidhani tu kwamba Wamarekani wameumbwa hivyo.

"Siku ya tatu hii hajanunua mtu," mfanyabiashara akasema. "Kuna mmoja tu, alitaka ya kumvalisha sanamu la kufukuzia nyani shambani."

Mkufunzi alikuwa ameshasimama. Macho yanang'aa. Alilichukua robota lote kwa magunia mawili ya mahindi kutoka shambani kwake mwenyewe Mshangano. Ndiyo, yule yule wa kijiko kimoja cha sukari. Mkewe alinuna mwezi mzima, na nilimwona yuko sahihi.

Nikashona sasa. Usiku na mchana, cherehani ya mkono, mkono wenyewe unawaka moto. Nilipunguza mabega, nikapunguza mikono, nikazifua mara tatu ziache kunuka dawa ya robota. Namba sikuzigusa, kwa hiyo golikipa wetu alikuwa themanini na nane, na beki wa kulia alikuwa sabini na mbili. Jezi zilitosha seti mbili na chache zikabaki, na mabaki ya mabega yalitutosha kutengeneza seti ya pili ya kaptula.

Kamati ilikuja watu watatu. Mwenyekiti wao, bwana mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, alikagua uzio akautikisa kwa kidole, nikashika roho. Ukasimama. Kisha timu ikatoka mbio kuja kujipanga, wekundu watupu, na mwenyekiti akavaa miwani akasogea kusoma kifua cha kapteni. Akasoma polepole. Akageuka na uso mwingine kabisa.

"Mkufunzi! Hawa ndio wafadhili wenu? Chuo kikuu cha Marekani?"

Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika pini mdomoni. Nilimtazama Mkufunzi, Mkufunzi akanitazama, halafu akatazama wale vijana kumi na mmoja.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema, "nguo si unaziona mwenyewe."

Mwenyekiti akaandika. Alipoondoka nilimvuta mzee pembeni nikamwambia huu ni uongo na yeye ni mtu mzima. Akasema hajasema neno la uongo hata moja. Nikamwambia basi amenyamaza uongo. Hilo alilikubali. "Lakini wamekuja na mizani yao, mwanangu," akasema. "Hawakuuliza tunacheza vipi. Wameuliza nani anatununulia nguo." Alisema hivyo, lakini mkewe aliniambia kwamba usiku ule hakulala, alikuwa anazunguka uani.

Mkutano mkuu ulikuwa Morogoro. Tulikwenda wawili, siku nzima na zaidi kwenye basi, Njombe baridi inatuuma, Mkufunzi amepakata kiroba alichokataa kukiweka kwenye buti. Nilimwuliza kina nini. "Zawadi," akasema. Jina letu lilikuwa limeshaandikwa kwenye orodha ya Daraja la Kwanza, likisubiri kupitishwa tu. Aliliona ubaoni, akaenda karibu akaligusa. Nilianza kuamini tutaponea chupuchupu.

Ndipo akasimama mjumbe wa Pwani. Kijana mtanashati, mkoba wa ngozi, Kiswahili cha kuteleza. Akasema wamefurahi sana kusikia ndugu zao wa Kusini wamepata ufadhili wa nje. Lakini, akasema, fedha ya kigeni ni ya taifa. Akasema haipendezi ndugu mmoja ashibe na mwingine alale njaa. Akasema mpira ni mmoja, na kinachoingia kwa mmoja kimeingia kwa wote, kwa hiyo ufadhili wa Songea ugawanywe kanda zote, sawa kwa sawa. Watu wakapiga makofi.

Mkufunzi aliniinamia. "Mwanangu, hayo maneno ni yangu."

"Ndiyo, Mkufunzi."

"Neno kwa neno."

"Ndiyo."

"Ni mazuri kweli," akasema.

Mimi nikapiga hesabu. Akikataa kugawa, ameyala maneno yake ya miaka yote. Akikubali, hakuna cha kugawa. Akisema ukweli, jina linafutwa ubaoni na wakubwa hawaji tena Songea. Mwenyekiti akamwita. Mkufunzi akasimama, akanyoosha traksuti, na nilipomwona anatabasamu nikajua tumekwisha.

"Nakubali," akasema. "Nakubali kwa moyo wote. Ila kanuni isiwe ya Songea peke yake, itaonekana tunaonewa. Naomba iandikwe hivi: kanda yoyote inayopata chochote kwa mfadhili yeyote, igawane na kanda zote, sawa kwa sawa. Tupige kura."

Wakapiga. Mikono ya Pwani ilikuwa ya kwanza kunyooka, maana mawazo yao yote yalikuwa kwenye dola. Kaskazini nao wakanyoosha. Katibu akaandika: imepita kwa kauli moja. Mkufunzi akamwomba airudie kuisoma kwa sauti, naye akairudia.

Hapo akafungua kiroba. Akatoa jezi moja nyekundu, isiyopunguzwa, na mabega yake yote, akaiweka mbele ya mjumbe wa Pwani. Akatoa nyingine, akaiweka mbele ya Kaskazini. Akazunguka meza nzima, kanda zote, kila kanda jezi moja. "Huu ndio ufadhili wetu wote," akasema. "Robota la mitumba, nimelinunua sokoni kwa magunia mawili ya mahindi. Hakuna Mmarekani anayenijua. Mwenyekiti alipouliza sikumsahihisha, na hilo ni kosa langu, si la wanafunzi wangu. Sasa sisi tumeshagawa. Tunasubiri soda na hoteli."

Weee! Kelele za siku ile sijapata kuzisikia tena. Mmoja anacheka mpaka ameshika meza, mwingine anadai katibu achane karatasi, mjumbe wa Pwani amesimama na jezi kubwa mkononi hajui aivae au aitupe. Mwenyekiti aligonga meza, akasema kikao kimevurugika na kura haihesabiki. Mimi nilicheka, nikalia, nikacheka. Kwenye basi nilimwuliza alipanga yale yote tangu nyumbani au yalimjia pale pale. Akajibu kwamba zawadi ni kitu cha kawaida mtu akienda ugenini. Mpaka leo sijui.

Baada ya wiki tatu Mkufunzi akapokea barua ya Chama: tumewekwa Daraja la Pili. Wa Pwani hawakuja tena Songea, wala wa Kaskazini. Mkufunzi alifundisha miaka mingine minne, akastaafu, akahamia shambani kwake Mshangano. Kazi ya michezo akaniachia mimi, mwanamke wa sayansi kimu, na watu wakacheka, na nikawafundisha kuacha kucheka.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka ambao na sisi tulipata. Kampuni moja ya mbolea ilikubali kukidhamini chuo chetu. Kweli kweli safari hii, kwa mkataba na muhuri. Chama kikatupandisha Daraja la Kwanza. Wakubwa watakuja tena! Nilichukua baiskeli nikaenda Mshangano nikiwa naimba njiani peke yangu, mtu mzima mimi.

Nilimkuta anapukuchua mahindi uani, amedhoofu, miguu ameinyoosha juani. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikampa barua ya Chama. Aliisogeza mbali na macho akaisoma yote. Kisha akaishika mikono yangu miwili.

"Hongera, mwanangu. Hongera sana. Pwani wenyewe watakuja?"

"Watakuja, Mkufunzi. Mwezi wa saba."

Akacheka, akapiga paja, akamwita mkewe aje asikie. Tukarudia habari nzima. Mkewe akarudi ndani, mzee akachukua hindi jingine, akapukuchua kidogo, akaacha.

"Na wale wa Tunduru?"

Kulikuwa na chuo kidogo njia ya Tunduru tulichocheza nacho miaka yote ile ya Daraja la Pili. Wao walikuja kwetu, sisi tulikwenda kwao, na mechi yetu ilikuwa ndiyo sikukuu yao ya mwaka. Wafadhili hawakuwafikia.

"Wao wamebaki la Pili," nikasema.

"Mtaendelea kwenda kwao?"

"Ratiba haituruhusu. Mkataba wa wadhamini unasema tucheze na wa daraja letu tu."

"Mh. Wameshajua?"

"Nitawaarifu, Mkufunzi."

Aliendelea kupukuchua mpaka punje za hindi lile zikaisha, akakitupa kigunzi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Nenda mwenyewe," akasema. "Kaa nao, uwaambie kwa mdomo. Mimi waliniandikia barua."

Barua ya Tunduru nilikuwa nimeshaichapa asubuhi ile. Ilikuwa kwenye mkoba wangu, mistari mitano, stempu nimeshabandika, nilikuwa niipitishe posta wakati wa kurudi. Sikumwambia. Nilimuaga nikiwa siwezi kumtazama usoni, nikapita posta bila kusimama, na kesho yake alfajiri nikapanda basi la Tunduru.